Foleni ya Duka Lililofungwa

Miaka ile ya foleni, Musoma nzima iliilaani foleni isipokuwa mtu mmoja tu, naye ni Dafroza, mke wa Masatu wa Nyasho. Watu walipanga mstari wa sukari, wakapanga wa sabuni, wakapanga wa viberiti, na siku nyingine wakapanga bila kujua kinachouzwa, ilimradi kuna mgongo wa mtu mbele yao. Walilitukana jua, wakamtukana meneja wa duka la ushirika, kisha wakageuka kushoto na kulia, wakaona hakuna sikio la karibu, wakaitukana na serikali kwa sauti ya chini. Dafroza yeye alikaa juu ya jiwe lake, kikapu mapajani, akitabasamu peke yake. Wenzake walidhani njaa imempanda kichwani.

Njaa wapi! Mwanamke alikuwa anatunga wimbo.

Ngoja kwanza nikupe siku yake, halafu umcheke ukitaka. Alfajiri yuko Mwigobero kupokea dagaa mitumbwi ikiingia, anawaanika, anagombana na makorongo yasiyo na haya, anauza, anarudi nyumbani. Nyumbani kuna maji ya kuchota, kuni, muhogo wa kutwanga, watoto wanaolia na watoto wanaowaliza wenzao, na Masatu, dereva wa idara ya maji, anayeuliza shati lake liko wapi ilhali amelikalia. Kuna mama mkwe kutoka Bukima, aliyekuja kusalimia kwa wiki moja na hadi leo anasalimia. Kuna shemeji Lukas wa Butiama, binamu ya Masatu, mfugaji mzima mwenye zizi lake, ambaye kila ng'ombe wake akikohoa yeye anapanda gari kuja Musoma kula ugali. Sasa niambie, katikati ya soko hilo wimbo utautungia wapi?

Na nyimbo zilikuwa zinatakiwa. Dafroza alifundishwa solfa na masista alipokuwa msichana, na tangu hapo kwaya ya parokia haikuwa na mtunzi mwingine wa maana. Nyimbo zake zilifika Bunda, zikaimbwa hadi Kiabakari na watu wasiomjua. Masatu alizipenda mno. Jumapili kanisani alikuwa anamgusa jirani yake kwa kiwiko, "Huyo ni mke wangu, umesikia besi hiyo?" Lakini kwamba wimbo unataka mtu akae chini, anyamaze, asitumwe, hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Alidhani nyimbo zinaota zenyewe kama magugu.

Basi foleni ndiyo iliyomwokoa Dafroza. Mtu aliye kwenye foleni hatumwi. Hata mama mkwe, ambaye angeweza kumtuma mtu aliyelala fofofo, akiuliza, "Mama Jeska yuko wapi?" na kujibiwa, "Yuko foleni," alinyamaza kwa heshima, maana chai ya chumvi ilikuwa imemchosha. Dafroza alikaa huko tangu asubuhi hadi jua la alasiri, na akirudi anapokewa kikapu, anapewa maji ya kunywa, anaambiwa pole. Pole! Amekaa kutwa akicheza na do na re na mi, anaambiwa pole. Naye anaitikia kwa uso wa huzuni, Mungu amsamehe.

Na ujue foleni za zama zile zilikuwa na sheria zake. Ukitaka kwenda kujisaidia au kukimbia nyumbani kumnyonyesha mtoto, uliweka jiwe mahali pako, ukamwambia wa nyuma, "Nitunzie nafasi," ukaondoka. Jiwe lilikuwa mtu. Mstari ukisogea, nalo linasogezwa, tena kwa adabu, na ole wake atakayelitupa pembeni. Ungeweza kumpiga kikumbo mzee wa kanisa, lakini usingethubutu kugusa jiwe la mtu. La Dafroza lilikuwa kipande cha jiwe la kusagia, jekundu, bapa, zuri kukalia, na kila mwanamke wa Iringo na Nyasho alilijua. Wimbo wa Krismasi aliutungia juu yake kwenye foleni ya sabuni. Misa nzima, kuanzia Bwana Utuhurumie hadi Mwanakondoo, aliitunga kwenye foleni ya khanga, na khanga zenyewe hakupata.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu auze anachotaka.

Ndugu yangu, ilikuja kwa kishindo. Maduka yaliyokuwa yanauza utando wa buibui yakajaa hadi mlangoni. Sabuni za Kenya, zilizokuwa zinapitishwa porini zimefungwa tumboni kama mimba, sasa zikawa zinaingia mchana kweupe gari likipiga honi. Mitumba ikamwagwa chini, wanaume wakaanza kutembea na makoti ya baridi katika joto la Musoma, wanatokwa jasho na wanafurahi. Duka la ushirika la Iringo likakosa hata nzi, likafungwa, na meneja wake akageukia ufugaji wa kuku. Foleni ikafa, na hakuna aliyeilia.

Hakuna, isipokuwa mmoja. Dafroza alisimama Mwigobero mbele ya gunia la sukari lililofunguliwa mdomo, halina mstari, halina mlinzi, mtu anajichotea tu apimiwe, na machozi yakaanza kumtoka. Hyasinta, mwenzake wa biashara ya dagaa, akamkumbatia palepale.

"Lia, mama Jeska, lia mwenzangu. Tumeteseka sana."

Dafroza akazidisha kulia, maana angemweleza nani?

"Sasa utakuwa na nafasi ya kutosha," Masatu alimwambia jioni ile, amefurahi kama yeye ndiye aliyeileta sukari. Nafasi! Kama una akili timamu na umewahi kukaa kwenye nyumba yenye watu, unajua nafasi ya mama wa nyumba inavyokwenda. Kabla haijafika chini imeshadakwa. Ile asubuhi ya foleni ikaliwa na mama mkwe, ule mchana ukaliwa na watoto, na kilichobaki akaja kukimaliza shemeji Lukas, kwa kuwa dume lake lilikuwa linachechemea.

Alijaribu, usiseme hakujaribu. Alijaribu chooni, watoto wakagonga mlango mpaka bawaba zikalegea. Alijaribu kanisani siku ya kazi, katekista akamwona amekaa bure, akampa ufagio. Alijaribu ziwani baada ya kufua, lakini ziwani kila mwanamke ana habari, na habari zote ni tamu kuliko wimbo. Mwishoni akajipa moyo, akakaa kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe na kalamu na ganda la pakiti ya sigara, akasema wazi kwamba anaandika.

Mama mkwe akamtazama. "Kumbe unaandika tu?"

"Ndiyo, mama."

"Eeh. Mimi nilidhani umeshikwa na kazi. Njoo upepete huu mtama."

Mwaka ukapita bila wimbo, ukaanza mwingine. Iliuma. Na sikuambii iliuma kidogo kidogo, iliuma hasa, hapa kifuani, kila Jumapili aliposikia kwaya ikirudia nyimbo zake za zamani. Alianza kuogopa kwamba yule mtunzi hakuwa yeye, alikuwa ni foleni, na foleni imekufa. Alikuwa anawafokea watoto bila sababu, halafu anawapa karanga kwa kuwaonea huruma. Masatu akamuuliza kama anaumwa malaria.

Novemba, Mwalimu Alfonce akapiga hodi. Huyu ndiye aliyekuwa anaongoza kwaya, mwalimu wa shule ya msingi, suruali imenyooshwa hadi inaweza kukata mkate. Akakataa chai, jambo ambalo lilimwogopesha Dafroza.

"Mama Jeska, Kristo Mfalme tunaenda Bunda. Parokia zote zitakuwepo, kila moja na wimbo wake mpya. Wako uko wapi?"

"Unakuja, mwalimu."

"Umekuwa unakujaga tangu mwaka jana. Ijumaa hii nisipoushika mkononi, tutaimba wangu."

Wimbo wa Mwalimu Alfonce uliitwa "Miezi". Ulianza Januari, ukaeleza kazi za shamba za Januari na baraka za Bwana katika Januari, kisha ukaingia Februari. Waliousikia mara moja walisema kwamba kufika Aprili tu watoto walikuwa wamelala, na watu wazima walikuwa wanahesabu kwa vidole jinsi Desemba ilivyo mbali. Fikiria kuupeleka huo Bunda, mbele ya maaskofu na watu wa Kiabakari.

Na wake alikuwa nao, ndilo lililomchoma. Aliuanza kwenye foleni ya mwisho kabisa, kabla duka halijafungwa. Uliitwa "Nitunzie Nafasi". Roho ya mama mmoja inamwomba Mungu amtunzie nafasi mlangoni kwake: nimeacha jiwe langu, Bwana, nisogezee, nina kazi kidogo huku, naja. Mwanzo ulikuwepo, kiitikio kilikuwepo, besi ilikuwa inanguruma vizuri. Mwisho ndio uliokuwa haupo. Yule mama akifika mlangoni, Mungu anamwambia nini? Kila Dafroza alipomfikisha pale, mtu alimwita kutoka jikoni, na roho ya watu ikabaki imesimama nje.

Jumatatu, kwenye chai, Dafroza akafumba macho kidogo, kisha akadanganya.

"Nasikia mafuta ya taa yameadimika," alisema. "Eti wataleta pale duka la ushirika, Iringo. Kwa foleni."

Masatu akaweka kikombe chini kwa nguvu. "Si nilisema! Nilisema mimi, hizi ruksa zao ni za muda!" Uso ulimng'aa. Maskini, na yeye alikuwa ameikosa foleni kwa namna yake, maana siku hizi hakuwa na wa kumlaumu. Mama mkwe akaenda mwenyewe nyuma ya jiko, akalitoa lile jiwe jekundu chini ya dumu, akalifuta kwa khanga yake.

"Nenda, mwanangu. Ukae hata kutwa. Usikubali mtu akupite."

Dafroza alikwenda amekaza uso, lakini alipopinda kona ya kwanza miguu ilianza kucheza yenyewe. Baraza la duka lilikuwa na vumbi na mavi ya kuku, mlango una kufuli lenye kutu. Akaweka jiwe mbele ya mlango, palepale pa mtu wa kwanza, akakaa, akafumba macho. Hakuna aliyeita. Alikaa hivyo mpaka masikio yakaamini. Halafu sauti ya pili ikaja, mbichi kabisa, ikifuatwa na ya tatu, na akaanza kuandika solfa kwenye maganda ya sigara.

Jioni akarudi na dumu tupu. "Hayakuja. Wamesema kesho."

"Pole sana," wakamwambia wote. Lo, alivyokuwa ameikosa pole hiyo!

Alhamisi, ikiwa imebaki siku moja, Hyasinta alikuwa anapita Iringo amebeba beseni. Akamwona mama Jeska kwenye baraza, kikapu, dumu, jiwe jekundu. Sasa mtu wa kizazi kingine angesimama akauliza kulikoni. Mtu aliyefua kwa majani ya mpapai haulizi. Kwanza unashika nafasi, maswali baadaye. Hyasinta alitua beseni, akaokota jiwe barabarani, akaliweka nyuma ya Dafroza, akakaa juu yake, ndipo akavuta pumzi.

"Wanaleta nini?"

"Sijui," alisema Dafroza, na hapo hakudanganya.

Jenoveva, mama ntilie, akawaona wawili. Wawili ni mstari. Akaja na kigoda. Akaja mke wa katekista, wakaja akina mama wa kusuka vikapu, akaja mzee mmoja na baiskeli. Lile "sijui" likasafiri kuelekea nyuma, na njiani likanona: kwa Jenoveva lilikuwa mafuta ya taa, kwa mwenye baiskeli lilikuwa khanga, na lilipofika mkiani, karibu na kibanda cha kinyozi, lilikuwa mabati, tena ya geji nzito, mwisho leo. Kinyozi akamwacha mteja nusu kichwa akaja kupanga.

Na Magige je? Magige alikuwa mgambo aliyekuwa anasimamia foleni miaka ile, na tangu zife alikuwa amenyong'onyea, hata chakula hakimpandi. Aliposikia, alitoka mbio na filimbi yake na fimbo ya mpera. "Mstari! Mstari! Asiye na jiwe atoke!" Watu wakanyooka. Alikuwa karibu kulia.

Dafroza alipaswa kusimama hapo na kusema ukweli. Wangecheka, wakamwita mwehu, wakarudi makwao. Lakini yule mama wa kwenye wimbo alikuwa ameshapanda ngazi zote, amebakiza mlango, na nyuma ya Dafroza ile minong'ono ya foleni ilikuwa imeanza kuvuma kama zamani, inambembeleza. Akajisemea, kidogo tu, nimalize kisha nitasema. Akainamisha kichwa.

Hakumaliza. Gari la idara ya maji lilifunga breki, na Masatu akaruka chini na dumu kubwa kila mkono.

"Nani wa kwanza? Nani wa kwanza?" Akaona. Akawageukia watu wote, kifua mbele. "Huyo ni mke wangu! Yuko hapo tangu Jumatatu!"

"Baba, panga mstari!" wakampigia kelele kutoka nyuma. "Hakuna cha mke!"

Akajipenyeza hadi kwake hata hivyo. "Mama Jeska, nimekuletea dumu kubwa."

"Baba Jeska, niache kidogo," alisema Dafroza bila kuinua macho.

Wakati huohuo Magige alikuwa amemkokota meneja wa zamani na funguo zake. Yule mzee alikuwa anaapa kwamba hajui lolote, na kadiri alivyoapa ndivyo watu walivyoamini kwamba mabati yapo na anataka kuwauzia nduguze. Kufuli likagoma, likapigwa jiwe, likafunguka. Mlango ukasukumwa.

Ndani hapakuwa na kitu ila harufu ya kuku wa meneja, walioingilia tundu la dirisha la nyuma. Kwenye rafu za sabuni walipanga kuku. Kwenye sahani ya mizani, ileile iliyowapimia sukari kwa roho ngumu, kuku mmoja mweupe alikuwa anaatamia, akawatazama watu wote wa Musoma kwa hasira.

Magige ndiye aliyeuliza, "Nani aliyeanzisha hii foleni?"

Vichwa vyote vikageukia jiwe jekundu.

"Masatu," mtu mmoja alisema kwa nyuma, "mke wako ametupangisha foleni ya kuku!" Wanaume wakaangua kicheko. Masatu akahisi masikio yanaungua, na madumu mikononi yakawa mazito ghafla.

"Ulikuwa unapangia nini hapa?" alimuuliza mkewe.

Angeweza kusema amesikia uvumi. Kila mtu pale alikuwa ameletwa na uvumi, wangemsamehe. Dafroza akasimama.

"Nilikuwa natunga wimbo."

"Wimbo?"

"Wa Bunda."

"Si ungetungia nyumbani!"

"Nyumbani wapi?" Sauti yake ilipanda, na yeye mwenyewe ilimshtua. "Nyumbani nikikaa chini mnaniona mvivu. Hapa nimekaa kutwa nzima sifanyi kitu, mnaniambia pole, mnanisifu kwa bidii! Nikiwa naleta kilo ya sukari nina ruhusa ya kukaa. Nikileta wimbo, mnaniuliza nimeutoa wapi muda. Huu muda nimeuiba, baba Jeska. Nimewadanganya nyote, wewe na mama, na ningewadanganya tena."

Wanaume walicheka tena, lakini kwa kupungua. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kinyozi akikimbilia kichwa alichokiacha. Magige akapuliza filimbi mara moja, bila nguvu, kuufunga mkutano. Ndipo ikaonekana kwamba nusu ya mstari haijasogea.

"Nyie hamwendi?" Magige aliuliza.

Hyasinta alikuwa ametoa kitambaa cha kufuma, alichokimbilia nyumbani kukichukua huku jiwe likimshikia nafasi. Hata Dafroza hakuwa amekumbuka kwamba enzi zile Hyasinta alikuwaga anafuma. "Mimi kona hii sijaimaliza," alisema. "Kilikuwa kimekaa kwenye sanduku tangu sukari ijae." Nyuma yake Jenoveva alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, na aliyemfuata alimwekea khanga miguuni ili nzi wasimsumbue. Mke wa katekista alikuwa hafanyi chochote, anatazama tu ng'ambo ya barabara, na alionekana kufurahia sana.

Masatu aliwatazama hawa wanawake wamekaa mbele ya duka la kuku. Kisha akauliza kwa ukali, ule wa mtu asiyejua aseme nini, "Na huo wimbo umebakiza nini?"

"Mwisho."

"Mwisho ni mrefu?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekaa."

Angejibu nini hatujui, maana hapo ndipo alipotokea shemeji Lukas, begi begani, vumbi la Butiama bado liko kwenye nyusi.

"Shemeji! Kumbe uko huku! Nimefika nyumbani jiko limepoa, bibi wa watoto anasema uko foleni. Yule ndama wangu, shemeji, kaharisha usiku kucha. Na mimi tangu jana sijaweka kitu tumboni."

Na unajua Dafroza alifanya nini? Baada ya kusema yote yale mbele ya watu? Aliinama akaokota kikapu. Hakufikiri hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe. Aliyakunja maganda yake ya sigara, akayatia kifuani, akapiga hatua kuelekea nyumbani kusonga ugali.

"Kaa chini," alisema Masatu.

Dafroza akageuka.

"Kaa chini, mama Jeska." Alikuwa anatazama matairi ya gari, hakumtazama yeye. Alimpokonya kile kikapu, akakirudisha kando ya jiwe. "Lukas, twende."

"Twende wapi? Nani atapika?"

"Huoni mtu yuko kwenye foleni?"

Wakaondoka, Lukas akigeuka geuka nyuma. Dafroza alibaki amesimama. Katika miaka yote ya ndoa, na kabla ya ndoa kwa mama yake, ameambiwa inuka, ameambiwa njoo, ameambiwa kimbia mara moja. Hakukumbuka kuambiwa lile neno. Akakaa, na alipokaa tu akausikia mlango ukifunguka na Mungu akimwambia yule mama maneno yale yale, kwa noti tatu za kushuka, besi peke yake. Aliandika akilia, na safari hii Hyasinta hakumkumbatia, alimsogezea tu kalamu nyingine.

Ugali walioupika Masatu na Lukas siku ile, hata mbwa aliuzunguka kwanza.

Bunda waliimba. Watu waliposikia "nimeacha jiwe langu, nisogezee," uwanja mzima ulicheka, mapadre kwa watoto, kila mtu amekumbuka jiwe lake. Walikuwa bado wanacheka besi iliposhuka na lile "kaa chini, mama", na kicheko kikakatika kama kimekabwa. Mama mmoja wa Kiabakari alikaa chini kweli, palepale kwenye nyasi, akafunika uso. Mwalimu Alfonce aliongoza hadi kola ikalowa. Baadaye watu walimpongeza Masatu, naye akapokea pongezi zote bila kubakiza, pamoja na kipande cha nyama cha wageni wa heshima, na akawaeleza waliomzunguka jinsi yeye binafsi alivyousaidia ule mwisho.

Jumatatu Dafroza alirudi kutoka Mwigobero, akafunga khanga kiunoni, akashika mchi. Wimbo umeisha, uongo umeisha, muhogo upo. Hakuona uchungu hasa, aliona tu kwamba ndivyo mambo yalivyo. Alipoinua macho Masatu alikuwa amesimama mlangoni, ana kikapu mkono mmoja na jiwe jekundu kwapani.

"Leo huendi foleni?"

"Wimbo si umeisha, baba Jeska."

"Wa Krismasi nani anauleta? Alfonce?" Akamkabidhi jiwe. "Na Hyasinta amepita hapa anauliza kama mnakaa au hamkai."

Dafroza akaufuta mchi, akauegemeza ukutani, akatoka kabla hajabadili mawazo, yeye au mumewe. Alikuwa ameshafika uani kwa jirani aliposikia sauti ya mama mkwe kutoka ndani.

"Mama Jeska kaenda wapi tena, na muhogo haujatwangwa?"

"Yuko foleni, mama."

"Foleni ya nini siku hizi?"

"Sijui, mama," alisema Masatu, na mchi ukaanza kugonga kinu, vibaya, kwa mdundo wa mtu asiyewahi kutwanga. "Lakini ni ndefu."